Vizazi, vifo na ongezeko la watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Idadi ya watu hubadilika kwa njia zipi?

Ni nne tu: watu huzaliwa, hufa, huingia na huondoka. Chukua idadi ya mwanzo wa kipindi, jumlisha waliozaliwa, toa waliofariki, jumlisha waliohamia, toa waliohama; utapata idadi ya mwisho. Hesabu hiyo lazima ifunge. Isipofunga, kuna tukio ambalo halikuandikwa au kuna watu waliohesabiwa mara mbili, kwa sababu hakuna mlango wa tano.

Tofauti kati ya vizazi na vifo ndiyo ongezeko la asili. Kwa dunia nzima uhamiaji hauna kazi, kwani anayeondoka huku anaingia kule. Miaka hii huzaliwa watoto milioni 132 hivi kwa mwaka na hufariki watu milioni 60 na ushei, kwa hiyo dunia inaongeza watu kama milioni 70 kila mwaka.

Kiwango ghafi cha vizazi na cha vifo hukokotolewaje?

Gawanya idadi ya vizazi hai vya mwaka mmoja kwa idadi ya watu wa katikati ya mwaka huohuo, kisha zidisha kwa 1,000. Vifo vinafuata njia hiyohiyo. Idadi ya katikati ya mwaka inatumika kwa sababu watu wanaongezeka au kupungua mwezi hadi mwezi, na idadi ya Julai hukaribia wastani wa mwaka mzima kuliko ile ya Januari au Desemba.

Tuseme wilaya ina watu 400,000 katikati ya mwaka, wamezaliwa watoto 14,800 na wamefariki watu 3,200. Kiwango cha vizazi ni 37 kwa kila watu 1,000, cha vifo ni 8. Ongezeko la asili ni 29 kwa 1,000, yaani asilimia 2.9.

Hapo penye kugeuza 29 kwa elfu kuwa 2.9 kwa mia ndipo wengi huteleza. Kosa la pili halionekani kwa macho: mtoto anaandikishwa alipozaliwa badala ya mama anapoishi. Mji wenye hospitali kubwa hupata kiwango cha vizazi cha ajabu, na wilaya jirani zinaonekana kama hazizai. Kabla ya kulinganisha maeneo, uliza kwanza kama takwimu zimepangwa kwa mahali pa tukio au kwa makazi.

La tatu ni uandikishaji pungufu. Penye uandikishaji dhaifu, vifo huachwa zaidi kuliko vizazi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinadaiwa shuleni lakini mazishi yanaweza kufanyika bila karatasi yoyote. Ukitumia takwimu hizo kama zilivyo, ongezeko la asili litatoka kubwa kuliko hali halisi.

Inakuwaje kiwango cha vifo cha Japani kiwe kikubwa kuliko cha Kenya?

Swali hili linakuja mara nyingi, na wanaouliza huhisi kuna takwimu iliyopotoshwa. Hakuna. Japani hufariki watu 12 hadi 13 kwa kila 1,000 kwa mwaka, Kenya ni 7 au 8, ilhali wastani wa umri wa kuishi Japani ni miaka 84 hivi na Kenya ni zaidi kidogo ya 60. Kinacholeta hali hiyo ni muundo wa umri. Kiwango ghafi hakipimi hatari ya kufa peke yake. Kinapima hatari hiyo pamoja na wingi wa watu walio katika umri wa kufa.

Tazama nchi mbili za kubuni. Nchi ya kwanza ni changa:

- chini ya miaka 15: asilimia 45 ya watu, vifo 6 kwa 1,000
- miaka 15–64: asilimia 52, vifo 5 kwa 1,000
- miaka 65 na zaidi: asilimia 3, vifo 60 kwa 1,000

Zidisha kila sehemu kwa kiwango chake: 2.7 + 2.6 + 1.8 = 7.1 kwa 1,000.

Nchi ya pili imezeeka:

- chini ya miaka 15: asilimia 12, vifo 0.5 kwa 1,000
- miaka 15–64: asilimia 60, vifo 2.5 kwa 1,000
- miaka 65 na zaidi: asilimia 28, vifo 38 kwa 1,000

Jumla: 0.06 + 1.5 + 10.64 = 12.2 kwa 1,000.

Katika kila rika, nchi ya pili ni salama zaidi, hata hivyo kiwango chake ghafi kinakaribia mara mbili ya kile cha nchi ya kwanza. Sasa chukua viwango vya nchi ya pili uvipachike kwenye muundo wa umri wa nchi ya kwanza: 0.45 × 0.5, jumlisha 0.52 × 2.5, jumlisha 0.03 × 38. Unapata 2.7 dhidi ya 7.1. Huko ndiko kusawazisha umri, na bila hatua hiyo kulinganisha vifo vya nchi mbili ni kupoteza muda. Vizazi navyo vina tatizo lilelile: nchi yenye vijana wengi hupata kiwango ghafi kikubwa hata kama kila mwanamke anazaa watoto wachache.

Kuna njia ya haraka ya kutambua kwamba kiwango cha vifo kimetokana na ujana wa watu?

Ipo. Gawanya 1,000 kwa wastani wa umri wa kuishi. Kama watu wasingeongezeka wala kupungua kwa muda mrefu, hicho ndicho kingekuwa kiwango cha vifo. Umri wa kuishi ukiwa miaka 70, jibu ni 14.3 kwa 1,000. Basi nchi yenye umri wa kuishi wa miaka 70 na kiwango cha vifo cha 6 ina vijana wengi, au ina vibarua wengi wa kigeni ambao hurudi kwao kabla ya uzee, au haiandikishi vifo vyake vyote.

Igeuze pia. Kiwango cha vifo cha 5 kwa 1,000, kama kingedumu katika idadi isiyobadilika, kingemaanisha watu wanaishi miaka 200. Kwa hiyo kiwango hicho hakiwezi kudumu. Watoto wa leo wakizeeka, vifo vitapanda hata kama hospitali zitakuwa bora mara kumi.

Umri wa kuishi wa miaka 35 zamani ulimaanisha watu walikufa wakiwa na miaka 35?

Hapana. Wengi walikufa utotoni, na waliovuka utoto wengi walifika miaka 50, 60 na zaidi. Wastani ulivutwa chini na makaburi ya watoto.

Kiwango cha jumla cha uzazi ni nini, na kinapatikanaje?

Ni idadi ya watoto ambao mwanamke angezaa kama angepitia miaka yote ya kuzaa, kuanzia 15 hadi 49, kwa viwango vya mwaka huu. Neno la kushika ni “angezaa”. Hakuna mwanamke halisi anayeishi miaka 35 ndani ya mwaka mmoja. Hiki ni kipimo cha mwaka, wala si historia ya mtu yeyote.

Unahitaji makundi saba ya umri. Kwa kila kundi, gawanya vizazi vya wanawake wa kundi hilo kwa idadi ya wanawake hao, zidisha kwa 1,000. Mfano:

15–19: 90
20–24: 210
25–29: 215
30–34: 180
35–39: 120
40–44: 50
45–49: 10

Jumla ni 875. Kila kundi lina miaka mitano, kwa hiyo zidisha kwa 5: 4,375. Gawanya kwa 1,000 na umepata watoto 4.4 kwa mwanamke. Anayesahau kuzidisha kwa 5 hupata 0.9 na kutangaza kwamba taifa linatoweka.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba hakiyumbishwi na wingi wa vijana wala wazee. Udhaifu wake ni kwamba huyumbishwa na muda. Japani mwaka 1966 ulikuwa mwaka ambao imani ya kale ilisema msichana atakayezaliwa humo ataleta balaa kwa mumewe. Kiwango kilishuka kutoka 2.1 mwaka 1965 hadi 1.6, kisha kikapanda hadi 2.2 mwaka 1967. Wanawake hawakuwa wamebadili mawazo kuhusu ukubwa wa familia. Waliuruka mwaka mmoja tu. Romania ilikwenda upande mwingine: serikali ilipiga marufuku utoaji mimba mwishoni mwa 1966, na kiwango kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 mwaka uliofuata. Kisha kikaanza kushuka tena, watu walipotafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hizo zilikuwa za hatari na zilisababisha vifo vya wanawake.

Kwa hiyo ukiona kiwango kimeruka au kimeporomoka ghafla ndani ya mwaka mmoja, fikiria kwanza kuahirishwa kwa uzazi kabla ya kufikiria mabadiliko ya tabia.

Kwa nini husemwa watoto 2.1 ndio wanaotosha kuziba nafasi? Wazazi si wawili?

Wazazi ni wawili, lakini anayehesabika hapa ni binti atakayekuja kuzaa. Kwa kawaida huzaliwa wavulana 105 kwa kila wasichana 100. Ili apatikane msichana mmoja wanahitajika watoto 2.05. Halafu baadhi ya wasichana hufariki kabla ya kufika umri wa kuzaa. Wakifika asilimia 98, gawanya 2.05 kwa 0.98: 2.09, inayokadiriwa kuwa 2.1.

Kumbe 2.1 ni namba ya nchi zenye vifo vichache. Pale ambapo wasichana 80 tu kati ya 100 hufika umri huo, hesabu ni 2.05 ÷ 0.80, yaani karibu 2.6. Na pale ambapo mimba za kike huondolewa kwa kuchagua jinsia hadi wavulana wakafika 115 kwa wasichana 100, hata vifo vikiwa vichache zinahitajika 2.2. Kutumia 2.1 kila mahali ni uvivu unaosameheka kwenye gazeti, lakini si kwenye mpango wa serikali.

Uzazi umeshuka hadi 2.1 au chini yake. Mbona watu bado wanaongezeka?

Kwa sababu ya msukumo uliobebwa na muundo wa umri. Chukua nchi ambayo ilikuwa ikizaa sana. Ina wasichana milioni 1 wenye umri chini ya miaka mitano, wanawake 600,000 wenye miaka 25–29, na wanawake 120,000 tu wenye miaka 70–74. Leo uzazi unashuka ghafla hadi kila mwanamke anaacha binti mmoja tu. Wale wasichana milioni moja watakapofika umri wa kuzaa, wataleta mabinti milioni moja. Wakati huohuo wanaofariki wanatoka katika marika madogo ya zamani. Vizazi vinaendelea kuzidi vifo mpaka marika makubwa yenyewe yafike uzeeni, na hilo huchukua miaka 50 hadi 70. Nchi iliyokuwa ikikua haraka huweza kuongeza nusu nyingine ya watu wake ikiwa tayari imefika kiwango cha kuziba nafasi.

China ni mfano ulio wazi. Uzazi wake ulishuka chini ya kiwango cha kuziba nafasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini idadi ya watu ilianza kupungua mwaka 2022, miaka 30 baadaye. Japani ilikaa chini ya kiwango hicho tangu katikati ya miaka ya 1970, na kilele cha idadi yake kilifika mwaka 2008 hivi.

Msukumo huu hurudi nyuma pia. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika watoto 0.72 kwa mwanamke. Hata kama kesho ingerudi 2.1, marika ya kina mama watarajiwa tayari ni madogo. Vizazi vingebaki vichache kwa miaka mingi huku marika makubwa yakiingia uzeeni. Sera ya uzazi, ya kupunguza au ya kuongeza, huvunwa na serikali ambayo haikuipanda, na pengine ndiyo sababu haipendwi na wanasiasa.

Watu wataongezeka maradufu baada ya miaka mingapi?

Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko. Asilimia 1: miaka 70. Asilimia 2: miaka 35. Asilimia 3.2: miaka 22. Namba 70 inatokana na logi asilia ya 2, (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), ambayo ni 0.693.

Asilimia yenyewe inahitaji uangalifu. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko kwa miaka kumi ni asilimia 37.4. Anayegawa kwa 10 anapata 3.74 kwa mwaka, na amekosea, kwa kuwa walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanazaa katika miaka inayofuata. Njia sahihi: gawanya idadi ya pili kwa ya kwanza upate 1.374, tafuta logi asilia yake, 0.318, gawanya kwa miaka 10. Jibu ni asilimia 3.2.

Kiwango hicho kina uhamiaji ndani yake, tena kina tofauti ya ubora wa kuhesabu kati ya sensa mbili. Sensa iliyofanyika vizuri zaidi kuliko iliyotangulia huonyesha ongezeko ambalo kwa sehemu ni watu waliokuwepo tangu zamani.

Je, lazima vifo vishuke kwanza ndipo uzazi ufuate?

Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali, na ndicho kinachoelezwa na nadharia ya mpito wa kidemografia, iliyochorwa na mtaalamu wa idadi ya watu Warren Thompson mwaka 1929 na kukuzwa na mwanademografia Frank Notestein miaka ya 1940. Mwanzoni vizazi na vifo vyote viko juu, ongezeko ni dogo. Vifo vinashuka, vizazi vinabaki juu, pengo linafunguka na watu wanafurika. Baadaye vizazi vinafuata, pengo linafunga.

Vifo hushuka upesi kwa sababu maji safi, chanjo na dawa haviombi mtu abadili mipango ya maisha yake. Sri Lanka, enzi hizo Ceylon, kiwango cha vifo kilishuka kutoka 20 hivi kwa 1,000 mwaka 1946 hadi 14 mwaka 1947. Kampeni ya kunyunyizia dawa dhidi ya mbu wa malaria ilikuwa na mchango wake, ingawa wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wake. Uzazi ni jambo la ndoa, urithi, kazi na heshima. Hauwezi kushushwa kwa bomba la dawa.

Hata hivyo nadharia hii ni maelezo ya yaliyotokea, haina nguvu ya sheria. Ufaransa uzazi ulianza kushuka mwishoni mwa karne ya 18, kabla ya viwanda na kabla vifo havijapungua sana. Mwendo nao hutofautiana mno: Iran ilishuka kutoka watoto 6 na zaidi kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu 2 kufikia mwaka 2000, safari iliyozichukua nchi za Ulaya vizazi kadhaa. Na safari inaweza kusimama katikati. Tafiti za Kenya zilionyesha 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970, 4.7 mwaka 1998, 4.9 mwaka 2003, kisha 3.4 mwaka 2022. Aliyeangalia takwimu za 1998 peke yake akachora mstari ulionyooka alikosea kwa miaka mingi.

Kuokoa watoto wasife hakuzidishi tatizo la ongezeko la watu?

Kwa muda mfupi kunaongeza watu, na hakuna haja ya kulificha hilo. Mtoto aliyeokolewa huongeza idadi kuliko mzee aliyeokolewa, kwa kuwa atakuja kuzaa. Kwa sababu hiyohiyo kupungua kwa vifo vya watoto huifanya nchi kuwa changa zaidi, kinyume na wengi wanavyodhani. Kinachozeesha nchi ni kupungua kwa uzazi.

Lakini vifo vya watoto na uzazi vimefungamana. Kamba ya kwanza ni ya mwili: mtoto mchanga akifariki, kunyonyesha kunakoma, yai linaanza kupevuka tena mapema, na mimba inayofuata inaingia haraka. Kamba ya pili ni ya tahadhari: mzazi asiye na uhakika kwamba watoto watakua huzaa wa akiba. Karibu hakuna nchi iliyofika uzazi mdogo na kubaki huko huku watoto wake wakiendelea kufa kwa wingi. Duniani, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 93 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1990; sasa ni 37 hivi, na ongezeko la watu duniani limeshuka kutoka zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka katika miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 1.

Angalizo la kikokotozi: vifo vya watoto wachanga na vya chini ya miaka mitano hugawanywa kwa vizazi hai, si kwa idadi ya watoto wa umri huo.

Ni nini hasa kinachopunguza uzazi?

Elimu, kipato na maisha ya mjini hutajwa kila mara, na ni kweli, ila havigusi mimba moja kwa moja. Lazima vipitie milango michache ambayo mwanademografia John Bongaarts aliipanga mwaka 1978: umri wa kuanza kuishi na mwenza, matumizi ya uzazi wa mpango, kipindi cha kutoshika mimba baada ya kujifungua, na utoaji mimba. Bila vizuizi hivyo mwanamke wa wastani angeweza kuzaa watoto 15 hivi.

Mlango wa tatu husahaulika. Mama asiyenyonyesha kabisa anaweza kurudi kwenye hali ya kushika mimba ndani ya miezi miwili. Anayenyonyesha kwa muda mrefu, usiku na mchana, anaweza kukaa mwaka na nusu au zaidi. Mahali ambapo chupa ya maziwa imeingia kabla ya uzazi wa mpango, uzazi unaweza kupanda kwa muda. Matokeo hayo huwashangaza wapangaji ambao walitarajia kila dalili ya usasa ishushe uzazi.

Je, kuchelewa kuzaa kunasaidia hata kama idadi ya watoto haibadiliki?

Ndiyo, tena sana. Tuseme kila mwanamke anaacha mabinti wawili wanaofika umri wa kuzaa. Kama umri wa wastani wa kuzaa ni miaka 25, watu huongezeka maradufu kila miaka 25, sawa na asilimia 2.8 kwa mwaka. Umri huo ukiwa 30, ni asilimia 2.3. Watoto ni walewale, ila kizazi cha mama na cha binti vimetengana zaidi.

Vita, njaa na magonjwa hayapunguzi idadi ya watu?

Tauni ya karne ya 14 iliua theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi kati ya 1347 na 1351, na ilichukua vizazi kadhaa kurudi. Siku hizi pengo kati ya vizazi na vifo ni pana kiasi kwamba misiba mikubwa huacha alama ndogo kwenye jumla. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 katika miaka 2020 na 2021 kutokana na UVIKO-19. Katika miaka hiyohiyo miwili walizaliwa watoto zaidi ya milioni 260. Nchi kadhaa za kusini mwa Afrika zilipoteza miaka mingi ya umri wa kuishi kwa UKIMWI katika miaka ya 1990, na bado hazikuacha kukua.

Alama inayodumu hukaa kwenye umri. Vita huondoa wanaume wa rika fulani na kuahirisha ndoa. Rika dogo lililozaliwa wakati wa vita huleta rika dogo jingine miaka 25 hadi 30 baadaye. Ukitazama piramidi ya umri ya Urusi, yaani mchoro wa idadi ya watu kwa umri na jinsia, bado utayaona makato ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nchi inaweza kukua huku vifo vikizidi vizazi?

Inaweza. Ujerumani imekuwa na vifo vingi kuliko vizazi kila mwaka tangu 1972, na idadi ya watu wake imeongezeka kwa wahamiaji.

Nitajuaje kama takwimu za vizazi na vifo ni mbovu?

Anza na umri. Chora idadi ya watu kwa mwaka mmoja mmoja wa umri. Ukiona nguzo ndefu kwenye 30, 35, 40, 45 na mashimo kwenye 31 na 39, watu walikadiria umri wao au karani aliwakadiria. Makundi ya miaka mitano hupunguza kosa hilo bila kulimaliza.

Kwenye tafiti za kaya kuna ugonjwa wake. Dodoso huwa na maswali mengi ya afya kwa watoto waliozaliwa ndani ya miaka mitano iliyopita: chanjo, kunyonyesha, kuharisha, homa. Mdadisi aliyechoka humsogeza mtoto wa miaka minne na miezi kumi awe wa miaka mitano, na ukurasa mzima unarukwa. Matokeo yake vizazi vinapungua ndani ya dirisha la miaka mitano na vinarundikana mwaka wa sita, na uzazi unaonekana kushuka zaidi hivi karibuni kuliko ulivyoshuka kweli. Dawa ni kuhesabu vizazi kwa mwaka: ukiona bonde na kilima vimekaa pande mbili za mpaka huo, usiamini mteremko.

Kwa vifo, angalia watoto waliofariki siku za mwanzo. Mtoto aliyepumua dakika chache akafa mara nyingi huandikwa kuwa alizaliwa mfu, na hivyo hupotea kwenye vizazi hai na kwenye vifo kwa pamoja. Penye takwimu nzuri, vifo vya mwezi wa kwanza ni sehemu kubwa ya vifo vya mwaka wa kwanza. Vikiwa vichache mno, hakuna muujiza, kuna usahaulifu. Angalia pia rundo kwenye “miezi 12”: akina mama wengi husema “mwaka mmoja” hata kama mtoto alifariki akiwa na miezi kumi, na hapo kifo kinahamishwa kutoka vifo vya wachanga.

Makadirio ya watu wa miaka ijayo hufanywaje? Naweza kuyafanya mwenyewe?

Unaweza, kwa jedwali la kompyuta na uvumilivu. Gawa watu kwa jinsia na makundi ya miaka mitano, kisha fuata hatua hizi kwa kila miaka mitano:

1. Zidisha kila kundi kwa uwiano wa kunusurika, upate walio hai watakaoingia kundi linalofuata. Kundi la mwisho, kwa mfano 80 na zaidi, linapokea wa chini yake na kubaki na manusura wake.
2. Kwa wanawake wa 15–49, chukua wastani wa idadi ya mwanzo na ya mwisho wa kipindi, zidisha kwa kiwango cha uzazi cha kundi (kwa mwanamke mmoja, si kwa 1,000), kisha kwa 5.
3. Gawa jumla ya vizazi: 100 kati ya 205 ni wasichana, 105 ni wavulana.
4. Zidisha watoto hao kwa uwiano wa kunusurika wa kuzaliwa hadi 0–4. 
5. Ongeza au toa wahamiaji kwa umri na jinsia.

Umoja wa Mataifa, katika makadirio ya 2024, uliona dunia iliyofika watu bilioni 8 mwezi Novemba 2022 ikifika kilele cha bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080. Hesabu yao ina msingi uleule; ugumu uko kwenye kubashiri uzazi, na tofauti ya nusu mtoto kwa mwanamke ikidumu hadi mwisho wa karne hubadilisha jumla kwa mabilioni.

Kwenye jedwali lako, makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kutumia vizazi vya mwaka mmoja kwa kipindi cha miaka mitano. Kundi la 0–4 litatoka dogo mara tano na utaliona mara moja. La pili ni kuruka hatua ya nne, na hilo halionekani kirahisi, kwa kuwa watoto wanaozidi ni wachache katika kila kipindi lakini wao nao wanakua na kuzaa. La tatu ni kushikilia viwango vya leo kwa miaka 50. Ukifanya hivyo, andika juu ya jedwali kwamba hayo si makadirio ya kitakachotokea, ni hesabu ya “ikiwa hakuna kitakachobadilika”, maana atakayelinukuu hatasoma maelezo ya chini.